Mzee Halfani, Karani Aliyejua Kwao kwa Kila Mtu

Leo, Jumanne tarehe 30 Juni 1959, king'ora cha saa tisa na nusu kitakapolia, Mzee Halfani Sadalla atafunga Daftari la Wageni la mgodi wetu baada ya kulitunza kwa miaka ishirini na mitatu na miezi minne. Katika muda huo ameandika kwa mkono wake majina elfu kumi na tisa mia sita na arobaini. Mwandishi wa mistari hii ameyahesabu mwenyewe kwa siku tisa, na kidole chake cha shahada bado kina malengelenge.

Skolastika, mpiga taipu wetu, alituonya kwamba karatasi za jarida ni chache na wasifu usizidi ukurasa mmoja. Tulimheshimu kwa nusu saa, kisha tukamkumbuka Mzee Halfani vizuri zaidi, na sasa Skolastika ananuna. Atusamehe. Mtu aliyewapokea watu elfu kumi na tisa hawezi kuagwa kwa ukurasa mmoja, hata ukikunjwa namna gani.

Mzee Halfani alizaliwa njiani. Hii si namna ya kusema tu. Alizaliwa katika msafara wa wapagazi, mahali fulani kati ya Karema na Tabora, yapata mwaka 1901, na mama yake hakufika mwisho wa safari. Msimamizi wa msafara, Mzee Sadalla, alimchukua mtoto akampa jina, akamlea kwa kumpitisha mgongo hadi mgongo, leo kwa mke wa Mnyamwezi, kesho kwa mama wa Kibende, keshokutwa kwa mpishi wa Kimanyema. Hakuna aliyewahi kumuuliza marehemu mama yake alikuwa mtu wa wapi. Mtoto akakua na lugha saba, kila moja nusu, na Kiswahili cha kuziunganisha.

Alifika hapa Februari 1936, mgodi ukiwa bado mahema matano na shimo moja. Alipewa ukarani kwa sababu ya maziwa. Mpishi wa wapima ardhi hakujua kusoma, akawapikia mabwana wake chai kwa rangi nyeupe ya milango akidhani ni maziwa. Kwa bahati hakuna aliyeinywa zaidi ya funda moja. Halfani, aliyekuwa akipita na mzigo wa kamba, alisoma maandishi ya kopo, akaeleza kilichotokea, na kabla jua halijachwa alikuwa amekabidhiwa kalamu. Huenda ndiye karani pekee Tanganyika nzima aliyepata kazi kwa kuwaokoa watu na kikombe cha chai.

Daftari alilopewa lilikuwa na safu nne: Namba, Jina, Kabila na Kwao. Yeye aliongeza ya tano kwa rula na subira, akaiita Njia. Mtu akija kuomba kazi, Halfani hakuridhika kujua ametoka wapi. Alitaka kujua amepita wapi, amelala kwa nani, mto gani ulimkatalia, na mbuga ipi ilimla mwenzake. Ndiyo maana wake kutoka Kasulu hadi Namanyere walikuwa wakituma barua kwake, si kwa waume zao, na yeye akiweza kumwambia mama mkwe wa mtu kwamba mkwewe alipita Inyonga mwezi wa saba na viatu vyake vilikuwa vizima. Mwaka 1950 reli ilipofika Mpanda, watu wakaanza kuteremka stesheni kama mahindi kutoka gunia, na safu ya Njia ikawa neno moja tu: gari moshi. Mzee alihuzunika sana. Alisema gari moshi limewanyima watu hadithi, akawa anawauliza walikaa upande gani wa behewa.

Sasa tufike kwenye utani, kwa sababu bila utani huwezi kumwelewa mtu huyu. Kwa mgeni anayesoma jarida letu kwa mara ya kwanza: kambini hapa kila kabila lina watani wake. Mtani anaruhusiwa kukutukana mbele ya mkeo, kukaa kwenye kiti chako na kuondoka na kuku wako, na wewe ukikasirika, aibu ni yako. Waha hutuambia sisi Wafipa kwamba tunalala tumekumbatia sufuria ya ugali wa ulezi. Sisi huwaambia Waha kwamba wangeuza chumvi hata msibani kwa baba zao. Wote kwa pamoja huwaambia Wanyamwezi kwamba hawawezi kuona mzigo wa mtu bila kuuinua.

Halfani alipofika, Wafipa walimtazama wakaamua ni Mnyamwezi, wakamtukana. Naye akajibu vizuri. Wanyamwezi wakasikia anavyojibu, wakaamua ni Muha, wakamtukana pia. Waha wakamwona ni Mbende. Wabende wakamwona ni mtu wa Ujiji. Ndani ya mwezi mmoja alikuwa mtani wa kambi nzima, na hakumsahihisha yeyote. Karani mwingine angesema anaonewa. Yeye alinawiri. Tangu siku hiyo hakuwahi kukaa kwenye kiti chake mwenyewe kwa saa nzima, maana kila aliyeingia ofisini alikuwa na haki ya kukikalia.

Utani huo aliufanya chombo cha kazi. Aligundua kwamba mtu akiulizwa peke yake na karani, husema uongo. Anaogopa kodi, anaogopa kurudishwa kwao, anaogopa hajui nini. Lakini mkalishe na mtani wake pembeni, uongo hauwezi kupita. Mtani atacheka hadi ashike mbavu, ataitaja milima ya kwao na jina la mbuzi wa baba yake. Kwa hiyo Mzee Halfani aliweka mbele ya meza yake benchi la watu wawili, mmoja wa kuulizwa na mmoja wa kumuumbua. Benchi hilo bado lipo, limelika katikati, na kelele zake zilikuwa zikisikika hadi zahanati, ambako Muuguzi Bibiana alilalamika kwamba wagonjwa wanapona kabla ya dawa.

Aliyeumbuliwa kuliko wote ni rafiki yetu Evodi, fundi wa kutoboa mwamba. Mwaka 1938 Evodi aliandikishwa Mrundi. Mwaka 1944, alipoona watu wa ng'ambo ya mpaka wanadaiwa vyeti vingi, akarudi kazini akiwa Muha. Mwaka 1951, baada ya kuoa Mnyamwezi, akashuka stesheni akiwa Mnyamwezi kamili na kofia juu. Mzee Halfani aliwaandika wote watatu, kila mmoja na namba yake, kisha akachora mstari mwekundu wa kuwaunganisha. Evodi hakuona haya hata kidogo. Alikwenda stoo kudai mablanketi matatu.

Kumbe mistari hiyo myekundu ilikuwa elimu. Agosti 1955 aliletwa kwetu msomi mmoja, mama wa Kizungu kutoka chuo huko Kampala, aliyetumwa kuchunguza uhamaji wa watu na makabila yao: nani ametoka wapi, lini, kwa nini, na akifika anabaki kuwa nani. Jina lake halisi lilikuwa refu na lenye kona nyingi. Kambi ikamwita Bibi Wapi, kwa kuwa neno hilo alilitamka mara mia kwa siku. Alikuja na sanduku la kadi elfu nne, na wiki mbili za kwanza alizijaza kwa juhudi kubwa akiwahoji watu mmoja mmoja ndani ya hema, pazia limefungwa.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Kadi zilionyesha kwamba kambi yetu ina watoto kumi na saba wa machifu, kwamba robo tatu ya watu wote wamezaliwa Tabora mjini, na kwamba lipo kabila liitwalo Wajomba, lenye watu arobaini na wawili. Bibi Wapi alikuwa ameanza kuwaandikia sura nzima hao Wajomba. Mzee Halfani alizisoma kadi hizo akiwa amesimama, maana kiti kilikuwa na Mpimbwe juu yake, akacheka mpaka miwani ikadondoka. Kisha akambebea benchi hadi kwenye hema na kufungua pazia.

Siku zilizofuata zilikuwa sikukuu. Watu waliomba ruhusa kazini ili wakamsikilize mtani akiumbuliwa. Romana, muuza uji, alihamisha sufuria zake kutoka soko la Kashaulili akaja kuuzia hapo hapo penye hema. Wajomba wote arobaini na wawili waliyeyuka kwa siku mbili. Ukweli uliobaki ulimfanya Bibi Wapi arushe kofia juu: katika kila watu watatu wa kambi, mmoja alikuwa amebadili kabila angalau mara moja njiani, na hakuona kosa lolote. Wengine walifuata mke, wengine rafiki, wengine kazi. Bibi Wapi alisema vitabu vyote alivyosoma viliwapanga watu kama chupa kwenye rafu, kila moja na karatasi yake, na kumbe mtu anaweza kubandua karatasi akiwa barabarani na kubandika nyingine. Mzee Halfani alimjibu kwa adabu kwamba angemwambia hivyo tangu Agosti, kama angeulizwa.

Ndipo akaulizwa. Kadi zilipokaribia kwisha, Bibi Wapi alifungua daftari kwenye namba moja, ambayo ni ya karani mwenyewe. Kwenye safu ya Kabila palikuwa na neno "Karani". Kwenye safu ya Kwao palikuwa na neno moja kwa penseli, limefifia: "baadaye". Mama wa watu alicheka sana. Kisha akamtazama mzee, akaona hacheki, naye akalifunga daftari. Aliondoka Juni 1956 akiwa na kadi moja tupu, na kwa miaka mitatu barua zake zote zimemalizika kwa kuuliza kama kadi hiyo imejaa.

Tungeendelea kulifanyia mzaha hilo "baadaye" mpaka leo, kama isingekuwa kanuni. Januari mwaka huu ofisi ilimkumbusha Mzee Halfani kwamba mstaafu hurudisha nyumba ya kambi ndani ya siku thelathini, na hupewa tiketi ya gari moshi hadi kwao kama palivyoandikwa daftarini. Anayetaka kubaki Mpanda lazima atambuliwe na jumbe wa mtaa kuwa mwenyeji, ndipo apewe kiwanja. Karani wa tiketi hawezi kuandika tiketi ya kwenda Baadaye. Na mwenyeji ni mtu mwenye watu wake. Aliyewaandikia kwao watu elfu kumi na tisa alikuwa anakaribia kutolewa nje ya nyumba yake na sanduku mkononi, asijue aelekee upande gani wa reli.

Mkewe, Bi Mwanne, ana shamba la mpunga Kasokola na maneno makali kuliko jembe lake. Alitangaza kwamba tiketi ikitoka iende yenyewe. Lakini waliopita uani kwake walimwona akifunga vyombo, kisha akivifungua, kisha akivifunga tena.

Mzee hakulalamika. Alifanya alichokuwa akiwafanyia wengine. Jumapili tarehe 15 Machi, baada ya watu wa misa kutoka, aliketi kwenye benchi lake upande wa kuulizwa, akatangaza kwamba nafasi ya pembeni iko wazi. Mtani yeyote anayejua kwao aje amuumbue.

Hatujawahi kucheka namna ile. Wanyamwezi walikuja wa kwanza, wakamkagua meno na miguu, wakapiga kelele: "Huyu si wetu, huyu ni mtani wetu!" Waha wakamnusa mikono kutafuta chumvi, wakasema si wao. Wapimbwe wakamkataa kwa wimbo. Wakonongo, Wabende, Warundi, kila kundi lilikuja na vichekesho vyake, likamkana kwa furaha, likapisha jingine. Sisi Wafipa tulikuwa wa mwisho, na mwandishi wa mistari hii ndiye aliyepaza sauti kuliko wote kwamba ugali wetu hatumpi mgeni. Nilijiona mchekeshaji hodari.

Kisha hapakuwa na kabila jingine la kuja. Bibiana, aliyekuwa akifuatilia kwa vidole vyake vya kuhesabia vidonge, alisema kwa sauti ya chini kwamba basi wamekwisha. Tukaelewa wote kwa pamoja. Huwezi kuwa mtani wa nduguyo. Aliye mtani wa makabila yote hana kabila hata moja, na sisi tulikuwa tumemthibitishia hivyo mbele ya mkewe, kundi kwa kundi, tukipiga makofi. Mzee Halfani alitabasamu ili kutusaidia. Niliona haya ambayo sijawahi kuona maishani.

Aliyetuokoa ni Evodi, mtu wa makabila matatu. Alikwenda akaketi ile nafasi ya pembeni, akauliza watu swali: mtu akifa, nani anayeingia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe kuku? Tukajibu, mtani. Nani anayevaa nguo za marehemu na kuiga mwendo wake mpaka wafiwa wacheke? Mtani. "Sasa nyie," akasema Evodi, "mkimpakia gari moshi mzee huyu, nani atagombana na kaburi lake? Watani wake wote wako hapa. Mtu kwao ni pale atakapotukanwa vizuri siku ya kuzikwa." Kelele zilizozuka hapo ziliwatoa watu misikitini na makanisani kuja kuuliza kulikoni. Bi Mwanne alikaa chini kwenye vumbi, akacheka na kulia kwa zamu, kisha akaenda kufungua vyombo.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kwa jumbe wa Majengo. Sheria inataka mashahidi wawili wakazi. Tulikuwa mia moja themanini na sita. Foleni ilitoka barazani kwa jumbe, ikakata kona, ikaishia sokoni Kashaulili, ambako watu wengi walijiunga wakidhani kuna sukari. Jumbe, mtu makini asiyependa mchezo, alitaka kila shahidi aeleze anamfahamuje mwombaji. Hapo ndipo tulipokaribia kuharibu kila kitu, kwa sababu hakuna mtani anayeweza kumtolea mtani wake ushahidi wa heshima. Ulimi unakataa. Shahidi wa kwanza alisema mwombaji ni mwizi wa karanga. Wa pili alisema ni mchoyo wa kiti. Wa tatu alieleza kwa kirefu habari za mwendo wake. Kufikia wa thelathini, jumbe alikuwa na kurasa nne za matusi, akauliza kama kweli tumekuja kumsaidia mtu huyu au kumfunga.

Akauliza tena kama yupo hata ndugu mmoja kati yetu. Tukasema hakuna. Jumbe akaiangalia foleni, akaangalia kurasa zake, akamwangalia Mzee Halfani aliyesimama na kofia mkononi kama kibarua wa siku ya kwanza. Mwishowe aliandika kwamba mwombaji anajulikana mno. Akagonga muhuri. Kiwanja kipo nyuma ya kisima, na nyumba imekwisha kuezekwa, Wanyamwezi wakiwa wameinua kila mzigo kama tulivyotarajia.

Ijumaa iliyopita Mzee Halfani aliomba raba kwa Skolastika. Alilifungua daftari kwenye namba moja, akafuta "baadaye" taratibu, akapuliza vumbi, akachovya kalamu katika wino na kuandika "Mpanda". Herufi sita zilimchukua muda wa kumwandikisha Muha na mkewe na kuku wao. Hatukusema kitu, na hilo ni jambo la kuandikwa jaridani, maana tulikuwa tisa chumbani, watani wake watupu. Kisha akatuma simu Kampala, maneno matatu: "Kadi sasa imejaa." Bibi Wapi alijibu siku ile ile kwamba amerusha kofia, na safari hii imekwama juu ya paa.

Mzee Halfani, kwa niaba ya wafanyakazi wote, walio juu ya ardhi na walio chini yake, asante. Ulituuliza tumetoka wapi kwa namna iliyotufanya tujione tumefika. Mwandishi wa mistari hii, aliyekukana kwa sauti kubwa Machi, anakuomba radhi leo kwa maandishi, na papo hapo anakujulisha kwamba kiti chako cha ofisini amekikalia na hatoki. Benchi utaondoka nalo. Tumekubaliana liwe barazani kwako Majengo, na nafasi ya pembeni haitakaa tupu.

Nenda nyumbani sasa, ni mwendo wa dakika kumi na mbili tu na tiketi haihitajiki. Wewe na Bi Mwanne tunawatakia maisha mema, mpunga mwingi na wageni wasumbufu. Na siku ile ya mwisho usiwe na wasiwasi nayo, tutakuwepo sote, tutaingia humo kaburini na hatutoki bila kuku wetu. Ila tafadhali usituharakishe, mtani. Kuku mwenyewe hajaanguliwa bado.

Thadei, karani msaidizi